Kupima Usalama wa Kampuni ya Usafirishaji, Kuanzia Barua Pepe Hadi Getini: Mwongozo Kamili

Kampuni nyingi za malori na mizigo hukwama mahali pamoja zinapotaka kujipima usalama. Zinamlipa fundi wa mitandao akague tovuti na kompyuta, zinapokea ripoti nene, halafu mzigo unaondoka na mtu aliyefika getini na hati iliyochapishwa vizuri. Nyingine hufanya kinyume. Zinaongeza walinzi, mbwa na uzio wa umeme, huku namba za makontena, majina ya madereva na saa za kutoka zikisomwa na mtu wa nje aliyeko ndani ya barua pepe ya ofisi.

Mtandao na geti hupimwa mbalimbali, na hapo ndipo kosa lilipo. Kwenye kazi ya mizigo, geti hufunguka kwa sababu kuna mtu ameamini taarifa fulani: namba ya sili (kifungo chenye namba kinachofunga mlango wa kontena na kuonyesha kama umefunguliwa), ujumbe wa WhatsApp, sauti ya bosi kwenye simu. Kipimo kinachofaa huifuata taarifa hiyo tangu inapoingia ofisini hadi lori linapotoka.

Mwongozo huu ni wa kampuni yenye yadi moja au mbili na ofisi ya watu wachache. Hatua karibu zote unaweza kuzifanya na watu wako mwenyewe.

## Andaa hivi kabla ya kuanza

- Barua ya idhini iliyosainiwa na mkurugenzi (maelezo yako Hatua ya 2)
- Orodha ya akaunti zote: barua pepe, mfumo wa oda, mfumo wa kufuatilia magari, kamera, benki
- Orodha ya wafanyakazi walioacha kazi mwaka uliopita, wakiwemo vibarua na walinzi waliobadilishwa
- Kontena moja tupu lililo mali yako, au ulilopewa ruhusa ya kulitumia
- Sili chache ulizonunua mwenyewe, pamoja na tepu ya kupimia
- Gari moja lenye kifaa cha GPS, likiwa limeegeshwa yadini
- Kompyuta moja safi isiyounganishwa na mtandao wa ofisi
- Daftari la saa. Kila jambo liandikwe lilianza saa ngapi na lilionekana saa ngapi.

Daftari hilo usilidharau. Ukigundua kwamba mlinzi aliripoti, umejua nusu tu ya jambo. Kama aliripoti baada ya saa sita, mzigo umeshafika mbali.

## Hatua ya 1: Fuata mzigo mmoja

Chagua safari iliyokwisha mwezi uliopita, tuseme kontena la futi 40 lililotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi kupitia Tunduma. Kaa na ofisa wa operesheni, wakala wa forodha, mlinzi wa geti na dereva. Waulize kila mmoja: uliruhusu nini, na uliamini nini ulipokiruhusu?

Usimwachie meneja peke yake kazi hii. Meneja atakueleza utaratibu ulioandikwa, na wewe unautaka ule unaofanyika saa mbili usiku mvua ikinyesha na magari sita yakisubiri kutoka.

Chora jedwali la safu nne: nani anaamua, kwa taarifa gani, taarifa hiyo inaweza kughushiwa vipi, na nani mwingine anaihakiki. Utaona oda ikiingia kwa barua pepe, dereva akipangwa kwa WhatsApp, hati ya kutolea mzigo ikitumwa kwa picha, na namba ya sili ikisomwa kwa simu.

Wekea alama nyekundu kila mahali ambapo mtu mmoja anaamua kwa ujumbe mmoja. Hapo ndipo utakapopima. Jedwali likiwa sahihi, mlinzi na dereva watalisoma na kusema, "Ndiyo, ndivyo tunavyofanya." Wakibisha, rekebisha jedwali kabla ya kusonga mbele.

## Hatua ya 2: Barua ya idhini, na mambo yasiyoguswa

Kuingia kwenye mfumo bila ruhusa ni kosa la jinai. Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Kenya kuna sheria yake ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao ya 2018. Nia yako njema haitakuokoa kama huna karatasi.

Karatasi nayo inaweza isitoshe. Mwezi Septemba 2019, wapimaji wawili wa kampuni ya Coalfire walikamatwa usiku ndani ya jengo la mahakama huko Iowa, Marekani, ingawa idara ya mahakama ya jimbo ndiyo iliyowaajiri. Mamlaka ya eneo haikuwa imeambiwa. Mashtaka yalifutwa Januari 2020, wakati wapimaji wameshalala rumande.

Kwa hiyo barua itaje majina ya wapimaji, tarehe, saa, maeneo yanayopimwa, yasiyopimwa, na watu wawili wa kupigiwa simu wakati wowote. Namba za watu hao ziwe tayari kwa mkuu wa zamu, ndani ya bahasha iliyofungwa, kwa sababu barua ya idhini inaweza kughushiwa kama hati nyingine yoyote. Kama yadi ni ya kupanga, mwenye yadi ajue. Kama walinzi ni wa kampuni ya nje, mkurugenzi wao ajue.

Onyo zito: usimtume mtu kuruka ukuta usiku. Walinzi wengine wana silaha, na kelele moja ya "mwizi!" mtaani inaweza kumuua mtu kabla hajatoa barua mfukoni. Vipimo vyote vya geti vinavyotumia mgeni vifanyike mchana, mtu akipita mlangoni kwa miguu yake, na mtu wa tatu anayejua akiwa karibu.

Usiguse mifumo isiyo yako: ya forodha, ya bandari, ya mizani, wala sili za kielektroniki zinazofungwa na mamlaka ya mapato kwenye mizigo ya transiti, yaani inayopita kwenda nchi nyingine. Mzigo wa mteja ulio chini ya forodha haufanyiwi mazoezi.

## Hatua ya 3: Akaunti za watu walioondoka

Hii ni kazi ya asubuhi moja. Chukua orodha ya walioacha kazi, uilinganishe na orodha ya akaunti, mfumo baada ya mfumo. Mfumo wa kufuatilia magari ndio husahaulika zaidi, kwa kuwa akaunti moja hutumiwa na watu watano na nenosiri limebandikwa ukutani.

Angalia pia kama barua pepe, benki na mfumo wa oda vinadai uthibitisho wa pili zaidi ya nenosiri. Mwaka 2023 kampuni ya malori ya KNP ya Uingereza, iliyokuwa na historia ya miaka 158, ilivamiwa na wahalifu waliofunga mafaili yake na kudai fidia. Inaaminika waliingia kwa kubahatisha nenosiri la mfanyakazi. Miezi michache baadaye kampuni ilifungwa na watu wapatao 700 wakapoteza kazi.

Hatua hii imekamilika pale ambapo kila akaunti ina jina la mtu mmoja aliye kazini leo.

## Hatua ya 4: Ujumbe wa uongo

Utapima mambo mawili ambayo wezi wa mizigo na fedha huyategemea.

Kubadilisha akaunti ya malipo. Kwa makubaliano na mkurugenzi, tuma kwa mhasibu barua pepe inayoonekana kutoka kwa muuza mafuta au wakala mnayemlipa kila mwezi, ikisema akaunti ya benki imebadilika. Tumia anwani inayofanana na ya kweli kwa tofauti ya herufi moja. Muuzaji huyo awe amekubali jina lake kutumika, na namba ya akaunti utakayoandika iwe ya kampuni yako mwenyewe, ili pesa zikitumwa zisipotee.

Kubadilisha maelekezo ya mzigo. Mtu asiyejulikana kwa sauti ampigie ofisa wa operesheni: "Dada, habari za kazi? Natokea kwa mteja wenu. Mzigo wa leo usishushwe ghala la kawaida, dereva atakutana na kijana wetu njiani, nakutumia namba yake." Hapa pia mteja awe amekubali mapema.

Jibu sahihi katika vyote viwili ni moja: mfanyakazi anakata simu au anaacha barua pepe, kisha anapiga namba ya muuzaji au mteja iliyomo kwenye faili la zamani. Akipiga namba iliyoandikwa kwenye ujumbe wenyewe, hajahakiki kitu.

Watu wengi hupima ni nani alibofya. Mimi naona kipimo cha maana zaidi ni nani aliripoti, na baada ya dakika ngapi. Katika ofisi ya watu ishirini hutakosa mmoja wa kudanganyika, lakini akipatikana mwingine wa kupiga kelele ndani ya nusu saa, kampuni imepona.

Usitumie chambo cha mshahara, msiba wala mtoto mgonjwa. Utapata matokeo, ndiyo, lakini utapoteza imani ya watu ambao ndio ulinzi wako wenyewe.

## Hatua ya 5: Geti

Hapa ndipo uwekeze muda mwingi. Gawanya kipimo sehemu mbili: kuingia na kutoka. Kampuni nyingi hulinda kuingia kwa ukali, mgeni anaandikwa jina, namba ya kitambulisho na saa, kisha lori lenye mzigo linatoka kwa kupiga honi.

### Kuingia

Mtume mtu asiyejulikana, amevaa kizibao cha kuakisi mwanga na kofia ngumu, ameshika daftari. Aseme amekuja kukagua vizima moto, au kutengeneza kamera. Asibishane wala asijifanye polisi au ofisa wa serikali, hilo ni kosa la jinai.

Andika alisimamishwa wapi. Je, mlinzi alipiga simu ofisini kuuliza kama kuna mgeni anayetarajiwa? Akiisha kuingia, alisindikizwa? Alifika hadi wapi kabla ya mtu kumuuliza, "Kaka, nikusaidie nini?"

Lengo si mlinzi amfukuze. Lengo ni mgeni asitembee peke yake.

### Kutoka

Andaa hati ya kutokea yenye kasoro moja. Siku ya kwanza, namba ya tela isilingane. Siku nyingine, jina la dereva liwe tofauti na leseni. Siku ya tatu, sahihi iwe ya ofisa ambaye yuko likizo. Gari liwe tupu au libebe mzigo wenu wenyewe, na dereva ajue kwamba akiruhusiwa anageuza hapo nje na kurudi.

Kisha fanya jaribio gumu zaidi. Hati isiwepo kabisa, na mlinzi apigiwe simu na sauti yenye haraka: "Mzee, mwachie huyo kijana, meli inafunga, karatasi inakuja baadaye." Hapo unapima kama mlinzi anaweza kumkatalia bosi.

Mlinzi analipwa kidogo, ameajiriwa na kampuni nyingine, na anajua bosi akikasirika yeye ndiye atakayebadilishwa kesho. Ukimtaka awe na ujasiri, mpe karatasi. Mkurugenzi aandike na kusaini: "Hakuna gari linalotoka kwa simu, hata kama anayepiga ni mimi." Ibandikwe ndani ya kibanda cha geti. Baada ya wiki moja, mkurugenzi mwenyewe apige simu. Mlinzi akimkatalia, ashukuriwe mbele ya wenzake.

Rudia kila jaribio katika zamu zote, lile la usiku likihusisha gari na dereva wenu tu, bila mgeni. Muda wa kubadilishana zamu nao upime peke yake, kwa kuwa wa jana anafikiri wa leo ameangalia.

## Hatua ya 6: Kifaa kigeni ndani ya ofisi

Kati ya 2011 na 2013, wasafirishaji wa dawa za kulevya waliwatumia wadukuzi kupata namba za siri za kutolea makontena katika bandari ya Antwerp, Ubelgiji. Madereva wao waliyachukua makontena kabla ya wenyewe kufika. Walianza na barua pepe zenye programu hasidi. Njia hiyo ilipozibwa, walivunja na kuingia ofisini, wakaacha vifaa vya kunasa maandishi vilivyofichwa ndani ya vitu vya kawaida kama ekstensheni za umeme.

Jaribio lako ni rahisi na halina madhara. Chukua ekstensheni ya umeme na kichomeko cha USB kisicho na kitu ndani, vibandike chini karatasi yenye maneno "Kipimo, piga namba hii". Kimoja kiache nyuma ya kompyuta ya anayetoa hati, kingine karibu na printa. Hesabu siku hadi mtu apige simu.

Wiki mbili zikipita kimya, weka utaratibu wa kila Jumatatu: mtu mmoja, picha ya meza jinsi inavyotakiwa kuwa, dakika tano za kulinganisha nyaya. Mwambie pia mfanya usafi. Yeye ndiye anayeinama chini ya meza kila siku, na mara nyingi hakuna aliyemwambia kwamba anaruhusiwa kuuliza.

## Hatua ya 7: Sili na kontena

Sili ya boliti ya daraja la juu, inayofuata kiwango cha ISO 17712, ina herufi H iliyochapwa juu yake. Anza kwa kuangalia kama mnazozitumia zinayo, na kama stoo yake ina kufuli na daftari. Sili zilizoachwa kwenye droo ya operesheni hazilindi chochote: mwizi akikata moja, anafunga nyingine.

Funga sili kwenye kontena lako tupu, kisha mpe mkaguzi karatasi yenye namba iliyogeuzwa tarakimu mbili, kwa mfano 0047381 badala ya 0047318. Wengi husoma tarakimu za mwanzo na za mwisho tu. Mkaguzi anatakiwa kufanya mambo manne kwa mpangilio: aitazame sili, alinganishe namba tarakimu kwa tarakimu, aivute kwa nguvu, kisha aizungushe kuona kama inafunguka kama skrubu.

Jaribio la pili linawashangaza watu. Legeza au badilisha boliti moja inayoshikilia mkono wa mlango wa kontena. Wezi wazoefu hufungua mlango kupitia hapo, sili ikabaki nzima. Mkaguzi akitazama sili peke yake, ameshindwa.

Tatu, mwambie apime urefu wa ndani kwa tepu. Kontena la futi 20 lina takribani mita 5.9 ndani, na la futi 40 takribani mita 12. Pungufu ya nusu mita maana yake huenda kuna ukuta wa uongo. Ukaguzi kamili una sehemu saba: ukuta wa mbele, kushoto, kulia, sakafu, dari, milango ndani na nje, na chini ya kontena. Hakuna sehemu inayorukwa kwa sababu ya foleni.

## Hatua ya 8: Kifaa cha GPS

Fanya yote haya gari likiwa limeegeshwa, injini imezimwa.

Kwanza, nenosiri la kiwandani. Vifaa vingi vya bei nafuu hupokea amri kwa ujumbe mfupi wa simu na huuzwa na nenosiri 123456. Mwaka 2022 watafiti wa BitSight walitangaza kasoro kubwa katika kifaa cha MiCODUS MV720, ambazo zingemwezesha mtu wa mbali kuona gari lilipo na hata kukata mafuta. Tuma ombi la mahali kwa kutumia nenosiri hilo, kutoka kwenye laini isiyosajiliwa kwenye kifaa. Kikijibu, badilisha nenosiri kwenye magari yote siku hiyohiyo.

Onyo: usijaribu amri ya kukata mafuta gari likiwa barabarani. Kamwe.

Pili, chomoa waya wa umeme wa kifaa. Tahadhari inatakiwa kufika kwenye simu ya mtu wa zamu ndani ya dakika chache, kwa kutumia betri ya ndani. Tatu, funika antena kwa karatasi ya alumini. Ramani ikiendelea kuonyesha gari mahali palepale kana kwamba ni zima, bila kusema mawimbi yamepotea, mtoa huduma wako anahitaji kuulizwa maswali. Usinunue kifaa cha kuzima mawimbi kwa ajili ya jaribio hili. Kitaathiri simu na magari ya watu wengine, na kitakuletea kesi.

Nne, rudia kuchomoa waya saa tisa usiku. Kifaa kizuri ambacho hakuna anayekitazama usiku ni hasara ya kila mwezi.

## Hatua ya 9: Zima mfumo

Juni 2017, programu hasidi ya NotPetya iliilaza kampuni kubwa ya meli ya Maersk kwa siku kadhaa. Hasara ilikadiriwa kati ya dola milioni 250 na 300, na kampuni ililazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Nakala moja muhimu ya seva zinazotunza akaunti zao ilipona kwa sababu ofisi ya Ghana ilikuwa imekatika umeme. Mwaka 2021 Transnet, kampuni ya serikali inayoendesha bandari na reli Afrika Kusini, ilishambuliwa, na shughuli za makontena Durban na bandari nyingine zikasimama. Usisubiri bahati ya umeme kukatika.

Chukua bakapu (nakala ya akiba ya data) ya jana, uirudishe kwenye ile kompyuta safi. Fungua oda ya wiki iliyopita na uthibitishe inasomeka. Andika ilichukua saa ngapi. Bakapu iliyochomekwa kwenye seva muda wote usiihesabu, kwa kuwa itafungwa pamoja na seva.

Kisha chagua siku isiyo na kazi nyingi, uzime mfumo wa oda kwa saa nne. Ofisi ipange magari, itoe hati na kupokea simu za wateja kwa karatasi. Utagundua kwamba namba za madereva ziko ndani ya mfumo uliozimwa, na fomu za mkono zilikwisha mwaka juzi. Chapisha vyote hivyo, weka kwenye boksi moja getini na jingine ofisini.

## Hatua ya 10: Ripoti na marudio

Andika ukurasa mmoja kwa kila mahali palipopimwa: kilichofanyika, saa, nini kirekebishwe, nani, na kabla ya tarehe gani. Usiandike jina la mlinzi au mhasibu aliyedanganyika, andika nafasi ya kazi. Ukimfukuza mtu kwa kushindwa jaribio, safari ijayo hakuna atakayeripoti kosa la kweli.

Kama wakati wa kipimo umegundua taarifa za wateja au madereva zimeshavuja kweli, hapo si zoezi tena. Kenya, sheria ya 2019 inataka kamishna wa data ajulishwe ndani ya saa 72 uvujaji unapoweza kuwadhuru wahusika. Tanzania, angalia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na umwite mwanasheria siku hiyohiyo.

Baada ya siku 30 rudia zile sehemu zilizoshindwa tu, kwa mpimaji mwingine, zamu nyingine na hadithi nyingine. Walinzi watakuwa wameshazoea kizibao na vizima moto, kwa hiyo safari hii mpimaji aje na pikipiki, amebeba chakula cha mhasibu.